Ukurasa Uliogoma Kugeuka

Mhariri alituomba tuandike juu ya bandari ya hapa Durban, kwa kuwa ndiko tulikomalizia ujana wetu tukihangaika na mitambo ya umeme ya kreni. Bandari haina haraka, itasubiri toleo lingine. Leo tunaomba nafasi ya kusimulia habari ya kifaa kidogo, chepesi kuliko daftari la shule, kilichotunyima usingizi wiki mbili nzima na kutuaibisha mbele ya mama yetu mzazi.

Kifaa chenyewe ni kisoma-vitabu cha kielektroniki. Hatutaitaja kampuni iliyokitengeneza, maana kosa, kama mtakavyoona, lilikuwa letu wenyewe. Tulikinunua mwaka 2013 kwa ajili ya safari za kikazi. Mwaka 2019 mama alipokuja kuishi nasi kutoka Tanga, macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu na magazeti yalikwisha kumshinda. Siku moja mama watoto akampa kifaa kile, akakuza herufi mpaka mstari mmoja ukabaki na maneno manne. Mama akakigeuza nyuma na mbele, akatafuta betri inaingilia wapi, kisha akauliza: "Na ndani yake kuna nini cha kusoma?"

Swali hilo ndilo lililotutia kazini. Marehemu baba alikuwa karani katika ujenzi wa reli ya TAZARA. Kwa wasomaji vijana, hiyo ni reli iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi nchini Zambia. Baba alikaa muda mrefu kwenye kipande cha Mlimba hadi Makambako, kule kwenye milima, madaraja na mahandaki. Kila alipopata mtu wa kumpa barua alimwandikia mama. Barua 61 zilibaki, zimekunjwa ndani ya bati la biskuti, na mama alisafiri nalo kwenye ndege amelipakata mapajani kama mtoto.

Serikali ya hapa ilipotufungia majumbani kuanzia tarehe 27 Machi 2020, tulikaa mezani tukazipiga chapa zote kwenye kompyuta. Ilituchukua kama miezi mitatu. Pale mwandiko wa baba ulipotushinda, tulimsomea mama mwanzo wa mstari, naye akamalizia bila kuitazama karatasi. Mtoto anayetajwa humo, anayelia usiku na kuota meno, ni sisi. Si jambo dogo mtu wa miaka hamsini kujisomea habari za meno yake. Tulipomaliza, kila barua tuliifanya faili lake, tukaziingiza zote kwenye kisoma-vitabu. Tangu siku hiyo mama akawa na desturi yake: akishakula chakula cha usiku anasoma barua moja, mbili zikiwa fupi, halafu analala.

Kisha ikaja mvua ya Aprili 2022, ile iliyoua watu zaidi ya 400 katika jimbo letu la KwaZulu-Natal. Maji yaliingia stoo. Bati lilikuwa limeota kutu chini, na barua za baba tukazikuta zimegeuka bumba moja la karatasi lenye rangi ya wino. Mtaa wa chini kulikuwa na watu waliopoteza nyumba na ndugu, kwa hiyo tuliona haya kulilia bati la biskuti. Tulijifariji kwamba nakala zipo. Moja ilikuwa kwenye kompyuta ya mezani, nyingine kwenye kifaa cha mama. Mtu aliyesomea uhandisi wa umeme ng'ambo, na aliyelipwa miaka mingi kuhakikisha mitambo ya watu ina mfumo wa akiba, alitosheka na nakala mbili zinazokaa chumba kimoja. Mganga hajigangi.

Mwaka 2023, kama mlivyosikia, ulikuwa mwaka wa mgao mkubwa wa umeme Afrika Kusini. Jumamosi moja jioni tuliamua kukiwekea kisoma-vitabu programu mpya. Ratiba ya mgao ilisema umeme ungekatwa saa mbili usiku. Saa mbili kasorobo tukachomeka waya, tukaanza kunakili faili la programu kutoka kwenye kompyuta. Saa mbili kasoro dakika kumi nyumba nzima ikawa giza.

Hapa inabidi tueleze kidogo. Vifaa vya aina hii husubiri mtu auchomoe waya, kisha hutazama ndani ya kabati lao: je, nimeletewa programu mpya? Ikiwapo, huifungua na kuitandaza juu ya ile ya zamani. Kompyuta ilipozimika, waya ulikufa. Kifaa, chenye betri yake, kikadhani tumeuchomoa kwa hiari. Kikatazama kabatini, kikakuta faili lililofika nusu, kikalifungua na kuanza kulitandaza mpaka lilipokomea. Ni kama mtu anayehama nyumba, lori likaharibika njiani: kitanda kimefika, godoro limebaki Chalinze. Lakini kifaa kiliwaka, kikaonyesha orodha ya barua kama kawaida, nasi tukashukuru.

Baada ya saa mbili umeme ukarudi kwa kishindo, taa zikang'aa kupita kiasi kisha zikatulia. Kompyuta ya mezani haikuamka tena. Diski yake ilitoa mlio kama wa mende ndani ya kiberiti, ikanyamaza. Mtu mwenye akili angekichukua kifaa cha mama usiku uleule akazitoa barua. Sisi tulijiambia tutafanya Jumamosi ijayo.

Jumamosi hiyo ilipita, na nyingine nayo ikapita. Ndipo tulipomkuta mama kitandani ameshika kifaa, tukaona anasoma barua tuliyomwona nayo tangu katikati ya wiki iliyotangulia. Tukamuuliza mbona hageuzi ukurasa.

"Haugeuki," akasema. "Leo usiku wa tisa. Lakini hapa pazuri, sina haraka."

Tulikichukua. Tuligusa kioo, hakikusikia. Tulichomeka chaji, taa haikuwaka. Kwenye kioo maandishi yalikuwa meusi, safi, hayatikisiki: "Mvua haijakoma, leo siku ya sita. Wachina wanatupa chai isiyo na sukari, nimeizoea. Mtoto akiuliza baba yuko wapi, mwambie yuko darajani, usimwambie yuko porini."

Msomaji anaweza kushangaa kifaa kilichokufa kinaonyeshaje maandishi. Kioo cha simu au cha televisheni hutoa mwanga, na umeme ukikatika hakionyeshi kitu. Kioo cha kisoma-vitabu hakitoi mwanga wa kuandikia. Ndani yake mna vifuko vidogo sana, upana wake kama wa unywele, vimejaa mafuta, na ndani ya mafuta zinaelea chembe nyeupe na chembe nyeusi zenye chaji zinazopingana. Umeme ukipita, chembe za rangi moja hupanda juu na za rangi nyingine huzama. Ukishapita, zinabaki pale pale. Teknolojia hiyo ilizaliwa kwenye Chuo cha MIT kule Marekani, na kampuni ya E Ink ikaanzishwa mwaka 1997 ili kuiuza. Kwa hiyo kioo hicho hula umeme wakati wa kugeuza ukurasa tu. Akili ya kifaa inaweza kuganda, betri ikakauka kabisa, na ukurasa wa mwisho ukaendelea kukutazama miezi na miezi. Ndiyo maana ni vigumu kujua kama kimelala, kimezimia au kimekufa. Uso haubadiliki.

Dawa ya kwanza ya kifaa kilichoganda ni rahisi: kichajiwe saa kadhaa kwa chaji ya ukutani, kisha kitufe cha kuwashia kishikiliwe nusu dakika bila kuachia, kijizime na kuanza upya. Mara nyingi hiyo inatosha, na tunamshauri kila mwenye kifaa cha namna hii aanzie hapo kabla hajamlipa fundi. Tatizo lilikuwa mama.

"Ukibonyeza hapo, maneno haya yatakuwepo?"

Hatukuweza kumdanganya. Tukamwambia kwamba ukurasa utafutika kwanza, halafu huenda ukarudi.

"Huenda," akasema mama, akakivuta kifaa upande wake.

Tulibembelezana siku mbili. Mwishowe mjukuu wake, ambaye humwita Gogo kama watoto wa Kizulu wanavyowaita bibi zao, alikipiga picha kile kioo kwa simu yake, akamwonyesha. Mama akaikagua picha, akaridhika kwamba hakuna neno lililoachwa. Tukashikilia kitufe. Kioo kikawa cheusi, kikawa cheupe, maneno ya baba yakaondoka. Ikaja alama ya kuwaka, vidoti vikaanza kukimbizana, na hapo kikaganda tena. Tulirudia mara nne. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kitu, akaenda zake jikoni.

Ugonjwa sasa ulikuwa wazi. Kila kifaa cha namna hii kina programu inayokiamsha, inayokifundisha kwamba kina kioo, kina kitufe, kina kumbukumbu. Wataalamu huiita programu dhibiti. Mafundi wa simu Kariakoo wana neno lao fupi zaidi, kuflashi, yaani kuifuta programu hiyo na kuiweka upya. Yetu ilikuwa nusu ya zamani na nusu mpya, na nusu hizo hazikuelewana. Kitabu cha maelekezo kilisema bonyeza vitufe fulani kwa pamoja, kifaa kitarudia programu ya kiwandani. Vidole vyetu vilikuwa tayari juu ya vitufe. Mama watoto, ambaye si mhandisi bali mwalimu, akasema: "Soma mpaka chini kwanza." Chini, kwa herufi ndogo, palikuwa na sentensi inayosema kwamba kufanya hivyo kutafuta vitabu vyote vilivyomo.

Tuliviondoa vidole.

Jumatatu tukamchukua mama mpaka mjini, kwenye vichochoro vya maduka vya Madressa Arcade, karibu na Msikiti wa Juma wa mtaa uliokuwa ukiitwa Grey Street. Kuna kijana pale anayetengeneza simu, ana meza isiyozidi upana wa sinia. Tunamfahamu kwa sababu ukoo wake ni katika wale wanaoitwa hapa Wazanzibari. Wasomaji wengi hamwajui. Mwezi Agosti 1873 manowari ya Kiingereza, HMS Briton, ilishusha bandarini Durban watumwa 113 waliokombolewa baharini, wakaletwa kutoka Unguja ili wafanye kazi kwa mkataba Natal. Wengine walifuata katika miaka iliyoendelea. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji, na hata leo wazee wao wanajua Kimakua, lakini jina walilobaki nalo ni la kisiwa walichopitia. Walikaa Kings Rest, upande wa Bluff, mpaka serikali ya ubaguzi ilipowahamishia Chatsworth mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kiswahili cha kijana huyu ni cha salamu tu. Alimwamkia mama shikamoo, mama akaitikia marahaba na kuendelea kumwuliza habari za kwao kwa Kiswahili cha Tanga kisichopungua kasi. Kijana akawa anaitikia ndiyo kwa kila kitu.

Alikifungua kifaa kwa kipande cha plastiki kama kile cha kupigia gitaa, akipita pembeni taratibu. Ndani tulikuta jambo lililotufurahisha sana: kumbukumbu haikuwa imechomelewa kwenye ubao, ilikuwa memori kadi ndogo ya kawaida kama ya simu, imechomekwa tu. Baadhi ya visoma-vitabu vya miaka ile vilitengenezwa hivyo, na aliyefikiria hivyo Mungu ambariki. Tukaichomoa, tukaitia kwenye kisomea-kadi, tukaiunganisha na laptopu yetu ya kazini. Laptopu ina betri. Mtu huchelewa kujifunza, lakini hujifunza.

Kanuni moja tuliifuata bila mzaha: usiguse kadi yenyewe kabla hujaitoa nakala nzima, kila baiti kama ilivyo, hata zile zilizoharibika. Kwenye Linux ipo amri ya zamani iitwayo dd inayofanya kazi hiyo. Ni amri isiyouliza swali. Ukikosea na kutaja kadi mahali pa diski, inakuandikia takataka kote bila huruma, kwa hiyo tulimsomea kijana herufi moja moja kabla ya kubonyeza. Nakala ilipokamilika tukarudisha kadi kwenye bahasha, na kuanzia hapo tulifanya kazi juu ya nakala.

Kadi ilikuwa na vyumba vitatu. Cha kwanza kilikuwa cha mfumo unaoendesha kifaa, na humo tuliona wazi faili nyingine zina tarehe mpya, nyingine za zamani, mpaka mahali ambapo lori liliharibika. Cha pili kilikuwa na programu ya kiwandani, haijaguswa, imefungwa vizuri kama sanda ya mzee aliyejiandaa mapema. Cha tatu kilikuwa cha mama.

Chumba cha mama hakikuwa salama kabisa. Umeme ulipokatika ghafla, daftari linaloonyesha faili gani liko wapi lilikatwa katikati ya kuandikwa. Tuliagiza ukaguzi, tukangoja. Kijana akamletea mama kiti na chai ya maziwa. Majina yakaanza kutokea: barua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tukazihesabu kwa sauti na mama akawa anahesabu nasi. Zilifika 61. Tulizifungua moja baada ya nyingine. Sitini zilikuwa kamili.

Barua ya 44, ya mwaka 1973, ilikuwa nusu. Kumbukumbu za namna hii hukatwa vipande, na kwenye kadi yetu kila kipande kilikuwa cha baiti 4,096, yaani kama herufi elfu nne na ushee. Barua fupi huenea kipande kimoja. Ile ndefu ilihitaji viwili, na njia ya kwenda kwenye kipande cha pili ilikuwa imepotea. Tulikitafuta kwenye nakala nzima kwa maneno ambayo baba aliyapenda kufungia barua zake. Hatukukipata, pengine kimeandikwa juu yake. Barua iliishia katikati ya neno: "Nikirudi safari hii, kitu cha kwanza nita".

Kuflashi kwenyewe, ambako ndiko kulikotutisha, kulikuwa kazi nyepesi kuliko zote. Barua zikiwa zimehifadhiwa mahali patatu, kimoja kikiwa kwa dada yetu Muscat, tulirudisha kadi ndani, tukabonyeza vile vitufe na kukiacha kifaa kijifute. Kikaamka kama kilivyotoka dukani, kinatuuliza tunataka lugha gani. Kisha tukaweka programu mpya. Safari hii kabla ya kuchomoa waya tulilinganisha ile tarakimu ya uhakiki ya faili lililofika na ile ya faili lililotumwa, moja moja, mpaka mwisho, ndipo tukauchomoa. Kikajizima, kikawaka, kikafungua. Kijana alikataa kupokea zaidi ya bei ya chai.

Usiku ule mama alikishika tena. Herufi zilikuwa zimerudi kuwa ndogo, akalalamika kwamba baba amepunguza sauti. Tukazikuza. Akaenda moja kwa moja kwenye ukurasa wake wa mvua na chai ya Wachina, akautazama, kisha akagusa pembeni na ukurasa ukageuka. Tulidhani atafurahi. Alisema tu: "Haya. Sasa ile iliyokatika."

Tulileta laptopu tukakaa pembeni ya kitanda. Tukamsomea mpaka pale pa mwisho, "kitu cha kwanza nita", tukanyamaza. Mama akafumba macho.

"Nitaikaza ile kamba ya kuanikia nguo uliyonilalamikia. Halafu nitalala siku mbili, usiniamshe hata akija kaka yako."

Tukaandika. Ndivyo baba alivyokuwa, na kamba ya kuanikia tuliikumbuka tangu tulipoipiga chapa mara ya kwanza.

"Na mtoto asikatwe nywele mpaka nije."

Hiyo nayo tuliikumbuka. Mama alikaa kimya kidogo, akarekebisha khanga mabegani.

"Najua nilikosea kukuacha nyumba moja na mama yangu," akasema. "Najua maneno anayokuambia. Nisamehe, nikirudi tutahama."

Vidole vyetu vilisita. Barua 61 tulizipiga chapa kwa mikono yetu, na baba tulimjua, na bibi tulimjua pia. Sentensi hiyo hatukuikumbuka hata kidogo. Lakini ilikuwa miezi mitatu ya kazi, miaka mitatu iliyopita, na kipande cha pili kimepotea. Tulimtazama mama. Alikuwa bado amefumba macho.

"Umeandika?"

Tukaandika.

"Weka nukta," akasema, "halafu mwandike jina lake."